Mbezi hadi Kahawa: shajara ya mwezi wa kwanza wa mwanafunzi wa Dar jijini Nairobi

Ubaya wa Nairobi kwa mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam ni kwamba haifanani na ughaibuni. Saa ni ile ile, soketi za ukutani zile zile, magari yanapita kushoto, na ukiuliza njia unajibiwa kwa lugha unayoielewa. Basi mtu anafunga safari kama anayekwenda Morogoro, na siku ya tatu anakwama dirishani akidaiwa karatasi aliyoiacha kabatini Tabata.

Shajara hii inafuata siku kwa sababu mambo ya huku yamefungana. Bila pasipoti hupati laini. Bila laini huna M-Pesa, na bila M-Pesa chumba, umeme na nauli vinakuwa kazi. Bila barua ya chuo, pasi ya mwanafunzi, yaani kibali cha uhamiaji cha kusoma, haianzi kabisa. Anayefuatwa hapa ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeingia muhula wa Septemba upande wa Kahawa, Barabara ya Thika. Wa Juja au Madaraka atabadilisha gari la kupanda tu, yaani matatu, daladala za huku; mengine ni yale yale.

Wiki sita kabla

Pasipoti kwanza. Ya kawaida ni shilingi 150,000 za Tanzania, na bila namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ombi haliendi. Wapo wanaovuka kwa hati ya dharura. Kwa harusi ya siku tatu inafaa, kwa masomo ya miaka minne usijaribu.

Pili ni barua ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ya kutokuwa na pingamizi, ambayo wengi wanaiita NOC tu. Inaombwa mtandaoni kabla ya kuondoka. Vijana wanaidharau kwa kuwa mpakani hakuna anayeiulizia, lakini shahada ya nje ikirudi nyumbani hupitia TCU hiyo hiyo ili itambuliwe, na kuanza kutafuta barua baada ya miaka minne ni kujitesa.

Tatu, matokeo ya NECTA. Kidato cha sita hakina pacha Kenya, maana waliosoma mfumo wa 8-4-4 walitoka sekondari na cheti cha KCSE baada ya miaka minne. Ofisi ya udahili inaweza kutaka ulinganisho rasmi wa vyeti vyako. Iulize kwa barua pepe mapema inataka ulinganisho wa taasisi gani na upelekwe lini, kisha hifadhi jibu lao.

Nne ni majina. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Cheti kinasema majina matatu, pasipoti inatanguliza la ukoo, barua ya chuo imeruka la kati, na mfumo wa uhamiaji unaona watu watatu tofauti. Likigundulika ukiwa Dar, linamalizwa kwa hati ya kiapo kwa wakili na barua pepe moja kwa chuo ili warekebishe. Ukiwa Nairobi ni wiki mbili za kuzunguka.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichukuliwe angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa chanjo huhesabika kuanza kazi baada ya siku hizo. Tangu 2016 inatambulika kwa maisha yote. Kazi yake hasa utaiona Desemba ukirudi nyumbani, kwa sababu Kenya imo katika nchi zenye ugonjwa huo na maafisa wa afya upande wa Tanzania huidai.

Siku ya 1: Mbezi Luis, Namanga, River Road

Mabasi ya Nairobi huondoka alfajiri Stendi ya Magufuli, pale Mbezi Luis. Kabla ya kulipa uliza swali moja: basi hili linavuka mpaka lenyewe, au tunahamishiwa gari jingine Arusha? Yote mawili ni halali, ila la pili linataka mizigo uweze kuihamisha mwenyewe. Begi moja kubwa na moja la mgongoni yanatosha. Ndoo, godoro na sufuria zinauzwa Githurai.

Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, Longido, kisha Namanga. Zote pamoja hadi Nairobi ni kama kilomita 900, na ukitoka Dar alfajiri utafika usiku. Asiyependa kuingia jiji geni usiku alale Arusha, apande shuttle ya asubuhi. Kwa anayekuja mara ya kwanza na hana wa kumpokea, gharama ya kitanda cha Arusha ni pesa iliyotumika vizuri.

Namanga ina kituo kimoja cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018. Anayekwenda Kenya hashuki upande wa Tanzania: basi linapita moja kwa moja hadi jengo la Kenya, na humo humo ndani unaanza dirisha la Tanzania kugongewa muhuri wa kutoka, kisha la Kenya la kuingia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza wala haombi kile kibali cha mtandaoni kilichoanza Januari 2024. Afisa akiuliza unakwenda kufanya nini, sema ukweli: kusoma. Mpe barua ya udahili. Anayesema "kutembea" kisha wiki ya pili anaomba pasi ya mwanafunzi anajitafutia maswali. Kabla ya kuondoka dirishani tazama muhuri: tarehe inasomeka? Umeandikiwa siku ngapi? Andika tarehe ya mwisho kwenye simu papo hapo.

Nje watakuzunguka vijana wenye mabunda ya noti. Hesabu yao ni ya haraka na noti zikikunjwa zinahesabika mara mbili. Badilisha kidogo tu, kwenye duka lenye dirisha, kiasi cha chakula na usiku mmoja. Hesabu ya kichwani ni nyepesi: shilingi moja ya Kenya inakaribia 20 za Tanzania, kwa hiyo futa sifuri moja, gawa kwa mbili. Elfu 20 ya nyumbani ni kama elfu moja ya huku.

Baada ya mpaka ni Kajiado, Isinya, Kitengela. Kuanzia Kitengela hadi Mlolongo foleni inaweza kula saa nzima, kwa hiyo usimwahidi mwenyeji muda. Mabasi mengi humalizia katikati ya jiji, upande wa River Road na Accra Road. Simu iwe mfuko wa ndani, begi la mgongoni lihamie kifuani, na teksi iitwe ukiwa bado ndani ya ofisi ya basi.

Siku ya 2: laini

Siku hii ni ya laini ya simu, na ukifanikiwa hilo tu imetosha.

Nenda na pasipoti yenyewe, nakala hawaipokei. Mgeni husajiliwa kwa pasipoti, na M-Pesa hufunguliwa hapo hapo kwenye laini. Simama pembeni umwone mhudumu anavyoandika jina lako, herufi kwa herufi. Jina hilo ndilo litakaloonekana kwa kila unayemlipa, na likikosewa utatakiwa kurudi dukani na pasipoti ili lirekebishwe. Ukitoka, jaribu kutuma shilingi 50 kwa mtu; hadi 100 hakuna makato ya kutuma, kwa hiyo jaribio ni la bure.

Laini ya Tanzania usiitupe. Iweke tundu la pili, kwani namba za uthibitisho za benki yako ya nyumbani zinakuja huko. Aliyeitoa na kuitupa siku ya pili anakuja kushindwa kufungua akaunti yake ya Dar akiwa Kahawa.

Pesa za wazazi zina njia fupi: M-Pesa ya Vodacom inatuma moja kwa moja kwenda M-Pesa ya Safaricom. Namba iandikwe kwa 254 mbele, na ile sifuri ya mwanzo iondolewe. Mtumaji asubiri jina litokee kabla ya kuweka namba ya siri. Jina likiwa geni, aache.

Siku ya 3: steji na chuo

Matatu za Barabara ya Thika zinapakia upande wa Ngara na Tom Mboya, lakini kaunti huhamisha steji, yaani vituo, mara kwa mara, hivyo uliza siku hiyo hiyo. 237 inakwenda Thika. 45 inakwenda Githurai. 44 inakwenda Zimmerman na Kahawa West. Sasa sikiliza vizuri: namba hizi zimegeuka majina ya mitaa. Kuna Githurai 44 na Githurai 45, zinatenganishwa na barabara kuu, na mwenye chumba akikwambia "niko Githurai" hujaelekezwa kitu. Muulize, ya 44 au ya 45?

Aliyezoea nauli iliyopangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na kubandikwa kwenye daladala atashangaa. Huku nauli ni ya saa. Safari ya shilingi 50 saa tano asubuhi inaweza kuwa 100 jioni, na wingu likifunga tu imepanda kabla tone halijadondoka. Uliza kabla ya kupanda, "Kahawa ngapi?", na ujue makanga, yaani kondakta, hajibu kwa hesabu ya shuleni: mbao ni 20, finje 50, soo 100, ngiri 1,000. Kuwa na chenji. Hasira ya makanga aliyepewa noti ya elfu saa moja asubuhi ina sababu.

Chuoni, kabla ya yote tafuta ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Wengi hawaendi kwa kuwa hawajioni kama wageni, wanapanga foleni ya jumla, na baada ya kusubiri saa tatu nzima wanaelekezwa mlango wa pili. Toka na vitu vitatu: namba ya usajili, barua rasmi ya udahili yenye muhuri, na barua ya kwenda uhamiaji. Bila hiyo ya tatu, siku ya nane haitakuwepo.

Siku ya 4 na ya 5: chumba

Hosteli za chuo hujaa mapema, kwa hiyo wengi hupanga nje: Kahawa Wendani, Kahawa Sukari, Githurai, Roysambu. Habari njema kwa mtu wa Dar ni kwamba hapa hudaiwi kodi ya miezi sita. Unalipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, kisha kila mwezi kabla ya tarehe 5. Bedsitter, yaani chumba chenye choo na sehemu ya kupikia humo humo, hupatikana kwa kati ya shilingi 7,000 na 12,000 za Kenya kutegemea umbali na maji.

Usilipe chochote kabla ya kuona. Madalali wa mtandaoni wanataka "pesa ya kuonyeshwa", wanatuma picha za vigae vinavyong'aa, na ukifika hakuna jengo wala dalali. Tembea mwenyewe mchana, soma vibao vya magetini, gonga. Anayefungua ni keateka, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga, na huyo ndiye serikali ya jengo. Mazungumzo yenye faida huwa hivi:

"Shikamoo mzee. Nimeona kibao, mna bedsitter?"

"Marahaba. Wewe ni wa Tanzania, eh? Iko moja, ya tatu juu."

"Maji yanakuja siku gani?"

"Jumatatu na Alhamisi. Zile siku zingine kuna tangi."

"Na stima ni tokeni ya KPLC au ya landlord?"

Hapo keateka atakutazama upya. Shikamoo inakupa tabasamu, ila swali la stima, yaani umeme, ndilo linalokupa heshima. Tokeni ya KPLC, shirika la umeme la Kenya, hulipwa kwa M-Pesa kupitia paybill (namba ya malipo) 888880, akaunti ikiwa namba ya mita, na tarakimu 20 zinakuja kwa ujumbe. Lakini majengo mengi yana mita ndogo za mwenye nyumba zenye paybill yake na bei yake, na uniti za huko zinaweza kuwa ghali. Mwombe mpangaji wa jirani akuonyeshe ujumbe wake wa mwisho wa tokeni: pesa alizolipa, gawa kwa uniti alizopata. Linganisha majengo mawili kwa hesabu hiyo kabla ya kulinganisha rangi ya kuta.

Mengine ya kukagua: fungua bomba, usiambiwe tu lina maji. Piga simu ukiwa ndani na mlango umefungwa, kwa sababu vyumba vya ndani vya ghorofa zilizobanana havina mtandao. Rudi mara moja saa mbili usiku usikilize kama jirani ni baa au ni kesha. Kodi ilipwe kwa namba iliyoandikwa kwenye mkataba, kamwe si kwa simu ya keateka, na hali ya chumba ipigwe picha siku ya kuingia, vinginevyo amana itaishia kwenye "rangi".

Siku ya 6: jikoni

Kahawa iko juu, kama ilivyo Nairobi yote. Jiji lipo takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100 za Dar. Maharage uliyoivisha kwa saa moja na nusu Tabata yatakula gesi yako huku bado yanauma. Mtungi wa kilo 6, wenye kile kichomeo cha juu wanachokiita meko, hujazwa kwa kama 1,200 hadi 1,500, na anayepika maharage makavu kila siku hamalizi nao mwezi. Wenyeji walishatatua hili. Jioni kando ya njia kuna mama mwenye sufuria kubwa juu ya makaa anayeuza maharage na githeri (mahindi na maharage pamoja) vilivyochemshwa tayari, kwa kikombe. Unanunua cha 50, unakaanga kitunguu na nyanya nyumbani, dakika kumi umekula. Mama mboga naye atakukatia sukuma wiki nyembamba kama nyuzi, bure, ukisema tu "nikatie". Maziwa yapo kwenye mashine za dukani: unakwenda na chupa yako, hata ya shilingi 20 unapewa.

Siku ya 7 ni Jumapili. Lala.

Siku ya 8: pasi ya mwanafunzi

Ombi linafanyika mtandaoni, kwenye mfumo wa uhamiaji wa huduma kwa wageni. Pakia pasipoti (ukurasa wa picha na wa muhuri wa Namanga), barua ya chuo, vyeti, picha, na barua ya mzazi au mfadhili inayosema nani analipa. Kila kitu PDF, kila faili kwa jina lake, na kimeskaniwa; picha ya simu yenye kivuli cha mkono inarudishwa. Kwa kanuni za soko la pamoja lililoanza Julai 2010, raia wa Jumuiya hutolewa pasi hii bila ada, kwa muda usiozidi mwaka mmoja, kisha inahuishwa kila mwaka. Kwa hiyo mtu wa pembeni ya Nyayo House, jengo la ofisi za uhamiaji, anayekwambia "leta elfu tano nikuharakishie" anauza upepo.

Majibu hayaji kesho. Ndiyo maana tunasisitiza wiki ya pili, si ya kumi: ombi lililoingia mapema linakukinga wakati muhuri wa mpakani unaelekea ukingoni. Chapisha uthibitisho wa kupokelewa, uweke pamoja na pasipoti. Likikubaliwa, unakwenda Nyayo House, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kubandikiwa pasi kwenye pasipoti. Fika kabla hawajafungua. Na kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau baada ya furaha hiyo: mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kujisajili na kupata kitambulisho cha raia wa kigeni ndani ya miezi mitatu. Pasi na kitambulisho ni vitu viwili. Pasi hii pia haikuruhusu kuajiriwa, hata "kazi ndogo ya dukani".

Siku ya 10 hadi ya 20: darasani, na baridi

Masomo yenyewe hayana maajabu. Tofauti inayouma ni mgawanyo wa alama: vyuo vingi vya umma Kenya huweka 30 kwa majaribio ya muhula, wanayoyaita CAT, na 70 kwa mtihani wa mwisho. Aliyesimuliwa na kaka yake aliyesoma Mlimani habari za 40 kwa 60 anadhani akiba ya majaribio itambeba. Haitoshi. CAT iliyokosekana nayo huandikiwa sifuri usipoleta karatasi ya hospitali siku hizo hizo.

Kadi ya bima ya NHIF ya Tanzania haifanyi kazi huku. Uliza ada ya matibabu uliyolipa chuoni inagharamia nini na zahanati inafungwa saa ngapi, kabla hujaumwa.

Septemba inadanganya kwa jua lake. Mvua za vuli zinakuja Oktoba, na baridi yenyewe ni Juni hadi Agosti, pale usiku unaposhuka hadi nyuzi 12 au chini na jua halionekani siku tatu mfululizo. Koti linunuliwe sasa, kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, wakati wauzaji wanalibembeleza. Julai bei ni nyingine.

Siku ya 30: kalenda

Kodi ya pili imelipwa, risiti imehifadhiwa. Kaa na kalenda uandike tarehe nne: mwisho wa muhuri wa mpakani, siku ya 90, mwisho wa pasi, mwisho wa pasipoti. Kisha ongeza nafasi ya mgomo. Wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma Septemba 2025 na hawakurudi darasani hadi Novemba; muhula ukisogea namna hiyo, mitihani inasogea, ila tarehe ya pasi haisogei. Ombi la kuihuisha lianze miezi miwili kabla, na barua mpya ya chuo, maana ya mwaka jana haipokelewi. Tiketi ya Desemba ikatwe mwishoni mwa Novemba kabla nauli haijapanda, na kadi ya njano iwe begi la mkononi, si kwenye buti ya basi.